Joto la beseni na joto la ndani ya mshipa



Mfululizo wetu wa miguu ya mama unaendelea. Leo post ni ndefu, nimeigawa sehemu sita. Mtoto akilia nenda kamnyonyeshe, utaikuta hapa hapa.

SEHEMU YA 1: Swali la kliniki

Wiki iliyopita mama mmoja wa hapa kwetu Nzuguni alikuja kliniki na mtoto wa wiki tano. Tumempima mtoto, kaongezeka vizuri. Mama alipogeuka kuondoka nikaona anaburuza mguu wa kushoto. Nikamwambia, "Mama, hebu kaa kwanza, nionyeshe huo mguu." Mishipa imejisokota kuanzia nyuma ya goti mpaka karibu na kifundo, na juu ya kifundo kuna alama nyekundu ya kuungua. Kukandwa. Maji ya moto, asubuhi na jioni, tangu ajifungue.

Nikaanza kumwelekeza kwamba mguu wa namna ile haukandwi. Akanitazama, akacheka kidogo, akasema: "Sista, mimi nimeona video kwenye simu. Hospitali kubwa wanatibu hii mishipa kwa joto. Sasa nyie mkitumia joto ni dawa, mama mkwe akitumia ni kosa?"

Jamani, lile ni swali la maana. Wala hakuwa anabishana, aliunganisha mambo mawili aliyoyasikia. Nilimjibu haraka haraka maana foleni ilikuwa nje, na jibu la haraka halikunitosha hata mimi. Post hii ndiyo jibu lake kamili.

Msimamo wangu nautaja mapema: joto linalotibu mishipa hii ni lile linaloingizwa ndani ya mshipa mmoja unaojulikana, baada ya picha, likiongozwa na picha. Joto la beseni haliwezi kufanya kazi hiyo, na kwenye mguu wenye shida linaweza kukuumiza vibaya. Halafu nina la pili: hii mishipa tuache kuiita "mambo ya urembo". Nitaeleza kwa nini, na nitaeleza pia kosa langu mwenyewe.

SEHEMU YA 2: Kwa nini mishipa inajisokota

Damu inashuka mguuni kwa urahisi, moyo unasukuma na ardhi inavuta. Kazi ni kuipandisha. Mishipa ya kurudisha damu, yaani vena, ina vimilango vidogo ndani. Ukitembea, misuli ya kigimbi inaminya damu inapanda, vimilango vinajifunga ili isirudi chini. Vimilango vikilegea, damu inarudi na kujaa. Mshipa unatanuka, unajikunja, unaonekana juu ya ngozi kama kamba. Hiyo ndiyo varikosi.

Ujauzito unachangia kwa njia tatu. Damu ya mama inaongezeka. Homoni zinalegeza kuta za mishipa. Na mtoto akikua, mji wa mimba unabana mishipa mikubwa ya nyonga, damu ya miguuni inapata shida kupanda. Ongeza na urithi: kama mama yako au bibi yako alikuwa nayo, uwezekano wako ni mkubwa. Halafu ongeza kazi ya kusimama. Dada wa saluni, mwalimu wa darasa la watoto wengi, mama wa mboga pale soko la Job Ndugai anayesimama tangu alfajiri, na sisi manesi wa zamu ya usiku. Mimi mwenyewe mguu wa kulia unayo, tangu mtoto wa pili.

Hajakuroga mtu. Hujakanyaga kitu kilichotegwa njiani. Na usikubali kuchanjwa chale kwenye mshipa uliojaa. Unaweza kutoka damu nyingi kuliko unavyodhani.

Habari njema: kwa mama wengi, mishipa iliyotokea wakati wa ujauzito inapungua yenyewe ndani ya miezi kadhaa baada ya kujifungua. Ndiyo maana hata kwa tiba nitakayoieleza huko mbele, mama mjamzito huwa anaambiwa asubiri. Ila kuna wanaobaki nayo, na kila mimba inaongeza. Hao ndio ninaowasemea leo.

SEHEMU YA 3: Joto la beseni

Hapa naomba tuelewane vizuri, maana sitaki ugomvi na mama wakwe zangu wote wa Dodoma.

Kumkanda mzazi ni upendo. Mtu anaamka usiku, anawasha moto, anachemsha maji, anakuhudumia kama mtoto. Nimekandwa na mimi, najua. Kuoga maji ya uvuguvugu ukiwa umechoka ni raha, sina neno nalo.

Tatizo ni maji yanayochoma kwenye mguu uliovimba au wenye mishipa iliyotoka. Kwanza, joto likipiga ngozi, mishipa ya karibu na ngozi inatanuka zaidi. Yaani unaongeza kile kile unachotaka kukiondoa. Pili, ngozi ya mguu wenye damu iliyokaa muda mrefu ni dhaifu, hasa upande wa ndani juu ya kifundo. Ikiungua haiponi kama ngozi nyingine. Tatu, na hili ndilo linanikosesha usingizi: wiki sita za kwanza baada ya kujifungua ndizo hatari zaidi kwa damu kuganda ndani ya mguu. Mguu mmoja unavimba, unauma, unakuwa wa moto. Nyumbani wanasema "ni uchovu wa uzazi", wanaleta beseni na kitambaa, wanaminya kwa nguvu. Bonge la damu likiachia pale linapanda mpaka kwenye mapafu. Mama anaweza kufariki na mtoto bado hajatimiza hata mwezi.

Kwa hiyo mama mkwe, shikamoo. Kazi yako bado ipo. Mpikie uji. Mshike mjukuu nusu saa ili mzazi alale miguu ikiwa juu ya mto. Mtoe nje atembee kidogo kidogo. Hayo yanamsaidia mguu kuliko beseni.

SEHEMU YA 4: Joto la ndani ya mshipa

Sasa lile la kwenye video.

Kazi inaanza na ultrasaundi ya Dopla. Ni ile ile jamii ya kipimo ulichofanyiwa ukiwa mjamzito, ila hapa inaangalia damu inaelekea wapi mguuni. Mtaalamu anaweka kifaa pajani, anaminya kigimbi, anaona damu ikipanda, halafu anaangalia kama inarudi. Ile kamba unayoiona juu ya ngozi mara nyingi ni tawi tu. Shina lenye kimilango kibovu liko juu zaidi, pajani, huwezi kuliona kwa macho. Ndiyo maana kuishughulikia ile inayoonekana peke yake mara nyingi hakuleti nafuu ya kudumu.

Shina likijulikana, daktari anakuchoma sindano karibu na goti, anapitisha waya mwembamba sana ndani ya mshipa, huku anautazama kwenye skrini, mpaka karibu na kinena. Hakuna kupasuliwa. Halafu anafanya kitu ambacho kwangu mimi ndicho jibu la swali la yule mama: kabla hajawasha joto, anajaza maji ya chumvi yenye dawa ya ganzi kuuzunguka mshipa wote, kama kuuvalisha koti. Koti hilo linafanya kazi tatu. Linakuzuia kusikia maumivu, linaubana mshipa ushike waya, na linakinga ngozi na mishipa ya fahamu isiungue.

Hapo ndipo joto linawashwa. Linaweza kuwa la leza au la mawimbi ya redio. Kifaa kinachotumika sana cha mawimbi ya redio kinafika nyuzi joto 120, yaani moto kuliko maji yanayochemka. Kinawaka kwa sekunde 20 kwenye kipande cha sentimita 7, kinavutwa chini kidogo, kinawashwa tena. Ukuta wa mshipa unasinyaa na kujifunga kuanzia juu kushuka. Mwili unauyeyusha taratibu kwa miezi.

Najua unachotaka kuuliza: "Sasa mshipa ukifungwa, damu itapita wapi?" Damu nyingi ya mguu, karibu sehemu 9 kati ya 10, inapita kwenye mishipa ya ndani kabisa, katikati ya misuli. Huu uliofungwa ulikuwa unarudisha damu chini badala ya kuipandisha. Ukifungwa, mguu unapumua.

Kazi yote kwa mguu mmoja kwa kawaida haifiki saa nzima. Hulazwi usingizi. Unashuka kitandani unatembea, unaambiwa utembee, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo ukiwa na bandeji au soksi ya kubana.

Ina madhara? Ndiyo, na yeyote anayekwambia haina anakuuzia. Michubuko na maumivu ya siku kadhaa ni kawaida. Wengine wanabaki na ganzi sehemu ya ngozi kwa muda. Mara chache ngozi inaungua, na mara chache damu inaganda kwenye mshipa wa ndani. Na mishipa mingine inaweza kutokea baadaye, hasa ukipata mimba nyingine. Kwa hiyo kama unapanga mtoto mwingine karibuni, mwambie daktari mapema mpange pamoja.

Umeona tofauti? Joto la hospitali limezungushiwa maji lisifike kwenye ngozi yako. Joto la beseni linafika kwenye ngozi tu, na kule kwenye shina lenye ubovu haliendi.

SEHEMU YA 5: Kosa langu, na kwa nini nasema si urembo

Miaka ya nyuma nikiwa kazini kwenye kituo kingine, alikuja mama wa mimba ya tatu. Nabadilisha mambo yake kidogo asijulikane. Akalalamika mguu mzito, jioni unavimba, usiku unamkamata. Mishipa ilionekana. Nilimwambia: "Ni ujauzito tu mama, ukijifungua itaisha." Sikumwambia arudi kama haitaisha. Sikumwambia habari ya soksi. Foleni ilikuwa ndefu, nikaita anayefuata.

Nilikutana naye tena miaka mitatu baadaye, chumba cha vidonda. Juu ya kifundo, upande wa ndani, kidonda ndugu. Alikuwa nacho kwa zaidi ya mwaka. Ngozi kuzunguka imekuwa nyeusi na ngumu kama ganda. Ameweka kila kitu, mpaka unga wa betri, mtu kamwelekeza. Biashara yake ya mboga imekufa maana wateja wanasikia harufu. Akanitambua kabla mimi sijamtambua. Akasema bila hasira kabisa: "Sista, uliniambia itaisha."

Sijui hata nilijibu nini siku ile. Ila tangu siku hiyo siwezi kusikia mtu akisema mishipa ya miguuni ni urembo, nikanyamaza.

Na si mimi nesi wa Nzuguni peke yangu ninayesema. Mamlaka za Marekani ziliruhusu kifaa cha mawimbi ya redio mwaka 1999 na leza mwaka 2002, kwa hiyo si jambo la jana. Mwaka 2013 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, iliweka mpangilio: mgonjwa mwenye mshipa ambao shina lake limethibitika kuwa bovu kwanza apewe tiba ya joto la ndani. Isipofaa, dawa ya povu inayochomwa kwenye mshipa. Isipofaa hiyo, ndipo upasuaji wa kuung'oa. Na walisema soksi peke yake zisiwe ndiyo tiba, labda kama hizo nyingine hazimfai mgonjwa.

Mwaka 2018 ukatoka utafiti wa EVRA, pia wa Uingereza, wagonjwa 450 wenye vidonda vya miguuni vya aina hii hii. Wote walifungwa bandeji za kubana. Nusu yao mshipa ulitibiwa mapema, wengine walisubirishwa. Waliotibiwa mapema, nusu yao walikuwa wamepona kidonda kufikia siku ya 56. Waliosubirishwa, siku ya 82. Hebu fikiria siku 26 za mama wa mboga asiye na mshahara.

Angalia pia kitu kimoja hapo: makundi yote mawili yalivaa bandeji. Kubana mguu kwa usahihi ni tiba ya kweli kwa kidonda hiki. Kama tiba ya joto iko mbali nawe leo, bandeji na soksi haziko mbali. Usikate tamaa.

SEHEMU YA 6: Hapa kwetu tufanye nini

Ukweli wa kwetu: wataalamu wa mishipa ya damu bado ni wachache na wengi wako hospitali kubwa. Lakini mlango haujafungwa. Tangu 2018 Muhimbili wanafundisha madaktari wa radiolojia tiba, yaani wale wanaotibu kwa kupitisha sindano na mirija midogo wakiongozwa na picha. Sisi wa Dodoma tuna hospitali ya rufaa ya mkoa na tuna Benjamin Mkapa. Anzia zahanati au kituo chako, omba rufaa, na kitu cha kwanza cha kuomba ni Dopla. Usianze na "nataka leza". Kipimo ndicho kitakachosema kama unahitaji joto, povu, upasuaji au soksi tu. Upasuaji wa zamani nao unatibu, usiudharau. Tofauti ni kwamba unahitaji usingizi au ganzi ya mgongo, na kupona kunachukua muda zaidi, kitu ambacho mama mwenye kichanga anakipata kwa taabu.

Ukikutana na anayekuahidi tiba ya joto, muulize maswali manne: Nitapimwa Dopla kwanza? Nani anaifanya na amesomea nini? Ngozi yangu inakingwaje? Nikipata shida usiku nampigia nani? Akikwepa hata moja, chukua mkoba wako uondoke.

Shemeji zangu, hapa ni penu. Mkeo akisema mguu unauma jioni, usimjibu "si umekaa tu na mtoto". Mnunulie soksi za kubana duka la dawa, lakini apimwe mguu kwanza zipatikane za saizi yake. Kama ana kisukari au miguu inakuwa ya baridi na ganzi, amwone daktari kwanza kabla ya kuzivaa. Azivae asubuhi kabla hajashuka kitandani. Jioni mbebe mtoto, yeye anyooshe miguu juu. Na mkiwa na bima, ulizeni kabla ya safari ni nini kinalipwa, msije kushtukia dirishani.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Maoni yangu kama nesi: yanapozungumzwa mafao, mshipa uliobadilisha rangi ya ngozi au ulioleta kidonda uhesabiwe ugonjwa, pamoja na Dopla yake na bandeji zake. Kumsafisha mama kidonda kwa miaka mitatu ni gharama pia, ila hiyo tunailipa kidogo kidogo hatuioni. Mama ndiye anaiona.

Mwisho, andika haya ukutani jikoni:

Mguu mmoja umevimba ghafla, unauma, wa moto, hasa ukiwa mjamzito au umejifungua karibuni: hospitali leo leo. Usikandwe, usiminywe.

Kifua kinabana, pumzi inakata, unakohoa damu: hospitali sasa hivi, usiku wa manane hata kama ni kwa bodaboda.

Mshipa umepasuka unatoa damu: lala chini, inua mguu juu, bana kwa kitambaa safi kwa nguvu bila kufungua fungua, dakika 10 au zaidi. Usifunge kamba. Halafu hospitali.

Ngozi juu ya kifundo imekuwa nyeusi, ngumu, inawasha, au kidonda kimekaa wiki mbili bila kufunga: usingoje kiwe kidonda ndugu. Njoo.

Yule mama wa kliniki nilimwomba arudi. Alirudi jana, na mama mkwe wake. Mguu haujavimba zaidi, alama ya kuungua inakauka, na amepewa karatasi ya kwenda kupimwa Dopla. Mama mkwe aliniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo beseni niliweke wapi?" Nikamwambia, mama, mwogeshee mjukuu, maji ya uvuguvugu. Tukacheka wote watatu.

Kama kuna mama unamjua anaburuza mguu, mtumie hii. Na kama ulishawahi kuambiwa "itaisha ukijifungua" na haijaisha, hiyo ndiyo ruhusa yako ya kurudi kuuliza. Sehemu inayofuata nitaandika jinsi ya kuvaa soksi za kubana bila kugombana nazo.

Nesi wenu, Nzuguni.